Wanafundishwa Wafu wa Nani?

Ndugu msomaji, mimi ni marehemu wa mwaka mmoja na nusu sasa. Nasema hivyo kwa kuwa nimetimiza miaka 74, na kanuni ya mafao iliyoanza kutumika nchini mwetu Julai 2022, ile inayoitwa kikokotoo, inachukua sehemu ya pensheni ya mstaafu na kuizidisha kwa 12.5 ili kupata fedha zake za mkupuo. Katika mkutano mmoja wa walimu wastaafu na wanaokaribia kustaafu tuliuliza hiyo 12.5 ni kitu gani. Tukajibiwa kwamba ndiyo miaka ambayo mtu wa miaka 60 anatarajiwa kuishi baada ya kuaga kazi. Sitini na kumi na mbili na nusu ni sabini na mbili na nusu. Basi jana marehemu huyu alikuwa shambani anapalilia mihogo.

Ukumbi ulichafuka. Mwalimu mmoja wa kike aliyebakiza miezi minane kazini alisimama akasema, "Kumbe mmeshatuchimbia!" Wengine wakapiga meza. Mtoa mada alijaribu kufafanua, lakini maneno yake yalikuwa nusu ya Kiswahili na nusu ya Kiingereza, na ile nusu iliyobeba maana ilikuwa ya Kiingereza. Tulitoka pale kila mtu na hasira yake, na hakuna aliyeelewa zaidi ya alivyoingia.

Mimi mwenyewe nilistaafu mwaka 2011 kwa kanuni ya zamani, ambayo namba yake ya kuzidishia ilikuwa 15.5 na nusu ya pensheni ililipwa kwa mkupuo. Kwa hiyo siteti kwa ajili ya tumbo langu. Wala sitaki kurudia hapa habari za asilimia: jinsi mkupuo ulivyoshushwa hadi 25 mwaka 2018, Rais John Magufuli akasitisha Desemba ya mwaka huo huo, ikaja 33 mwaka 2022, na Juni 2024 ikatangazwa 40 kwa wale waliozoea nusu. Hayo yameshasemwa na vyama vya wafanyakazi kwa sauti kubwa kuliko yangu. Ugomvi wangu ni na vyuo vikuu, kwa sababu huko ndiko elimu ya namba hii inakofundishwa, na huko ndiko inakofungiwa.

Mjukuu wangu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uaktuari, yaani hesabu za bima na pensheni. Alipokuja likizo nilimtaka aniambie 12.5 ni nini. Alikaa kimya kidogo, akaniomba karatasi. Akasema, "Babu, tuseme unataka kulipwa shilingi moja kila mwisho wa mwaka kwa miaka ishirini. Ukienda benki yenye riba ya asilimia 5, unadhani utahitaji kuweka shilingi ngapi leo?" Nikasema ishirini. Akatikisa kichwa. Tukapiga hesabu mwaka mmoja baada ya mwingine, na jumla ikaja shilingi 12 na senti 46, kwa kuwa zile unazoziacha benki zinaendelea kuzaa.

Umeona, msomaji? Kumi na mbili na nusu inaweza kuwa miaka kumi na miwili na nusu ya kuishi. Inaweza pia kuwa bei ya leo ya pensheni ya miaka ishirini. Namba ni moja, mambo ni mawili, na tofauti kati yake ni riba. Kama ni umri, riba haimo. Kama ni bei, riba imo, na yule aliyetuambia kuwa ni umri alitutisha bure. Katika ukumbi ule tulikuwa watu zaidi ya mia mbili, wote walimu, wengi wetu tumefundisha riba ubaoni, na hata mmoja hakuweza kuuliza swali hili moja: "Mzee, hapo riba imo au haimo?" Na hata kama ni umri, huo ni wastani tu. Wastani wa darasa ukiwa 45 haina maana kila mtoto amepata 45. Hilo tunalijua sana, lakini siku ile tulilisahau kwa sababu hatukujua tunaongea habari ya wastani.

Nikamwambia mjukuu wangu, nionyeshe sasa mnajuaje mtu wa miaka 60 ataishi miaka mingapi. Akafungua kitabu cha majedwali wanachokitumia katika mitihani ya chama cha maaktuari cha Uingereza, chama kilichoanzishwa London mwaka 1848. Akanionyesha jedwali linaloitwa AM92. Safu ya kwanza ni umri, ya pili ni watu waliobaki hai katika umri huo, na kadiri unavyoteremka ukurasa watu wanapungua, polepole kwanza, kisha kwa kasi, mpaka wanakwisha.

"Hawa ni akina nani?" nikauliza.

"Ni wanaume wa Uingereza waliokata bima ya maisha, Babu. Walihesabiwa kati ya 1991 na 1994."

"Na sisi?"

Hakunijibu, na simlaumu. Hakufundishwa jibu. Lakini jibu lipo. Miaka ile ile ambayo Waingereza walikuwa wakiwahesabu wanaume wao wenye bima, hapa kwetu, kuanzia mwaka 1992, wahesabuji wa Wizara ya Afya na washirika wake walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika sehemu za Dar es Salaam, wilayani Hai na Morogoro Vijijini. Waliuliza nani amefariki, ana umri gani, na ndugu zake waliona dalili gani kabla hajafa. Kazi ile iliendelea hadi mwaka 2004. Walikuta watu wazima wetu wakifa kwa wingi wa kutisha, na UKIMWI ukiwa sababu iliyotangulia nyingine zote. Mwaka 1996 hesabu ya namna hiyo ilianza Ifakara, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na mwaka 1998 Rufiji. Watu wetu walihesabiwa. Daftari lao lipo. Mjukuu wangu amefika mwaka wa tatu, anajua kwa kichwa nambari za mfanyabiashara wa Bristol aliyefariki na bima yake mfukoni, na hajawahi kukutana na marehemu hata mmoja wa Kilombero.

Nasema hili ni kosa, tena si kosa dogo la kusahau ukurasa mmoja wa mtaala. Linaharibu elimu yenyewe, na nitaeleza kwa nini. Nivumilie nichukue mfano wa nyumbani.

Mwaka 1973 tulimaliza mafunzo ya ualimu Daraja la A tukiwa vijana kumi wa bweni moja. Wa kwanza wetu alifariki mwaka 1979. Mwingine alikwenda kufundisha Zambia, na barua yake ya mwisho ilinifikia mwaka 1985. Tuliwazika wawili, mmoja mwaka 1991, mwingine 1994. Mwaka 2003 mmoja aliuza nyumba yake akahama, na tangu hapo hakuna anayejua aliko. Wawili wengine walituacha mwaka 2012 na 2021. Tumebaki watatu. Je, kijana wa bweni lile alikuwa na nafasi gani ya kufika leo?

Mwenye haraka atasema watatu kwa kumi, thelathini kwa mia. Lakini huyo amewazika watu wawili ambao hakuna aliyeona kaburi lao. Mwingine atawafuta hao wawili daftarini aseme watatu kwa wanane, yaani 37.5 kwa mia. Huyu naye ametupa miaka yote ambayo yule wa Zambia aliishi nasi tunajua yu hai. Njia ya haki ilichapishwa mwaka 1958 na Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, na mjukuu wangu aliifanya mbele yangu kwa kalamu ya risasi. Kila kifo kinapotokea, unahesabu wale tu walio mbele ya macho yako siku hiyo. Mwaka 1979 tulikuwa kumi, tukabaki tisa. Mwaka 1991 tuliojulikana tuko hai tulikuwa wanane, maana wa Zambia ameshatoka machoni bila kufa. Tukabaki saba kwa nane. Mwaka 1994, sita kwa saba. Mwaka 2012 tulikuwa watano, tukabaki nne kwa tano. Mwaka 2021, tatu kwa nne. Zidisha sehemu hizo zote pamoja unapata 0.405, yaani arobaini na nusu kwa mia.

Mwalimu mkuu gani asiyeijua hesabu hii moyoni? Nimetunza madaftari ya mahudhurio kwa miaka mingi. Mtoto aliyehamia shule nyingine humwandiki mtoro, wala humwandiki amehitimu. Unaandika "uhamisho" na tarehe. Unajua alikuwapo mpaka siku ile, na baada ya hapo humsemei. Kwa Kiingereza watu hawa wanaitwa kwa neno lile lile la serikali inapozuia habari za magazeti, na wanafunzi wanalikariri neno hilo bila kujua linatafuta nini pale. Mimi na mjukuu wangu tukawaita "waliotoka machoni". Akacheka, akasema kwamba mhadhara wa saa mbili ungekwisha kwa dakika kumi.

Sasa ndipo penye ubaya wenyewe. Njia hii ina sharti: aliyetoka machoni asiwe ametoka kwa sababu anaelekea kufa. Kama wagonjwa ndio wanaoondoka, waliobaki wataonekana wazima kuliko ukweli, na namba itadanganya. Huko vitabu vinakotoka, sharti hili hutajwa kwa sentensi moja, mwalimu akaendelea. Lakini sisi tuliokuwa watu wazima katika miaka ya tisini tunajua mgonjwa wetu alifanya nini alipozidiwa. Alirudi kwao. Alifunga chumba chake mjini, akapanda basi au akapandishwa, akaenda kuuguzwa na mama yake kijijini. Shuleni kwangu peke yake walimu wawili waliondoka hivyo. Katika daftari la mjini mtu yule hakufa, "alihama". Modeli iliyojifunzwa kwa vitabu vya wenzetu ingemhesabu kuwa ametoka machoni akiwa mzima kama mwingine yeyote, na ingeandika kwamba miji yetu ina afya. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa wafu wa London hawezi hata kulitilia shaka jambo hili, kwa sababu halimo katika mazoezi yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa wafu wa Hai na Dar es Salaam angeanza na swali hilo siku ya kwanza.

Nilipoyasema haya kwa mhadhiri mmoja tuliyekutana naye katika sherehe ya ndugu, alinijibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mzee, kwamba elimu haina taifa, hesabu ni hesabu. Kweli, kanuni haina taifa. Lakini marehemu ana kwao. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule yule wa nyota yenye mkia, alipotaka kutengeneza jedwali la uhai aliukataa mji wake mwenyewe. Alisema hesabu za London hazikuonyesha umri wa waliokufa, na kwamba mji ulikuwa umejaa wageni waliozaliwa kwingine. Akatumia mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, ambako mchungaji Caspar Neumann alikuwa ameandika kwa uangalifu waliozaliwa na waliofariki pamoja na umri wao. Mtu atanirukia hapa aseme, basi Halley naye alitumia wafu wa ugenini! Alitumia, ndiyo, na akaanza kwa kueleza kwa nini, akiwapima kwanza kama wanafaa. Hicho ndicho ninachodai. Sidai jedwali la Uingereza lichomwe moto. Nadai kwamba mwalimu kabla hajaliandika ubaoni aulize mbele ya wanafunzi: hawa ni wafu wa nani, na wanatuhusu kiasi gani? Wenzetu wa Kenya walikwisha kujiuliza. Kampuni zao za bima zina jedwali lililotokana na wateja wao wenyewe, la miaka ya 2007 hadi 2010.

Nisionekane ninawabana wasomi peke yao. Sisi wazee nasi tuna yetu. Tunasema kuhesabu vifo ni uchuro, ni kumwingilia Mungu kazi yake. Ndugu zangu, bima za namna hii zilianza na watu wa dini. Mfuko wa wajane wa wachungaji wa Scotland, ulioanza mwaka 1744, ulipigiwa hesabu na wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, ambao walitaka kujua kila mwaka watakufa wachungaji wangapi na kuacha wajane wangapi, ili mjane asilale njaa. Sioni kufuru hapo. Kufuru ninayoiona ni yetu. Tunazika leo, tunachanga rambirambi, tunakula pilau ya hitima au tunaimba ibada ya shukrani, na hakuna anayekwenda kuandikisha kifo isipokuwa kuna mirathi ya kugombea. Ndugu wa yule mwenzetu wa 2021 hawajachukua cheti mpaka leo. Nimewauliza. Wakasema, "Cha nini, Mwalimu? Si ameshakufa?" Mtu wa namna hiyo hana haki ya kupiga meza ukumbini akilalamika kwamba anahesabiwa kwa jedwali la wazungu.

Lakini nirudi kwa wasomi, maana kwao sijamaliza. Yule mhadhiri alinipa hoja yake ya pili, ambayo nimeisikia maisha yangu yote: mambo haya hayana Kiswahili. Mimi nilianza kufundisha miaka michache baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi zote. Tuliambiwa hayo hayo kuhusu hisabati. Kipeuo cha pili kilikuwa wapi mwaka 1960? Kigawe kidogo cha shirika kilikuwa wapi? Maneno yale yalitungwa, tukayaonea aibu wiki mbili, kisha watoto wakayazoea, na leo bibi wa kijijini anamwambia mjukuu wake atafute kigawe kidogo cha shirika bila kujikwaa. Nguvu ya mauti katika umri fulani ni maneno sita tu. Benjamin Gompertz alipoonyesha mwaka 1825 kwamba nguvu hiyo hukua kwa watu wazima kama riba juu ya riba, yeye mwenyewe hakuwa amepita chuo kikuu. Vyuo vya Uingereza vilimfungia mlango kwa kuwa alikuwa Myahudi, akajisomea. Leo sisi tunafungiana milango kwa lugha, tena kwa hiari yetu.

Sisemi mjukuu wangu asijue Kiingereza. Akijue sana, afanye mitihani ya hao wa London, akitaka akaajiriwe Nairobi au Johannesburg, nitamfungia mkoba mwenyewe. Mshahara mzuri si dhambi. Ninachokataa ni kwamba shahada inayolipiwa kwa mkopo wa fedha za umma imlete nyumbani mtaalamu asiyeweza kumweleza bibi yake, aliye mjane wa mwalimu mwenzangu upande wa mama yake, kwa nini analipwa anacholipwa. Yeye aliweza kwa sababu nilimkalisha siku tatu barazani na kumnyima Kiingereza. Siku ya kwanza alikwama kila sentensi. Siku ya pili akaanza kugundua kwamba mambo mengine aliyadhani anayajua, kumbe aliyajua kwa Kiingereza tu. Siku ya tatu alikuwa akichora mistari ya ngazi inayoshuka, kila kipandio ni kifo, na majirani wawili wamesimama nyuma yake wakiuliza maswali.

Basi natoa mwaliko, na wenye vyuo wauchukue kama walivyo na ujasiri. Chama chetu cha walimu wastaafu kinakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, katika darasa la shule niliyoiongoza. Tunakuwa kati ya thelathini na arobaini, wote tumevuka sitini. Aje mhadhiri mmoja wa modeli za uhai pamoja na wanafunzi wake wa mwaka wa tatu, waache vitabu ndani ya gari, watueleze 12.5. Tutawapa tarehe za wenzetu wote tuliowazika tangu mwaka 1973, pamoja na majina ya waliotoka machoni, ili wapate cha kufanyia kazi. Ubao upo, na chaki nitanunua mimi.